Sikio Nililowaachia Radi Saba

Bahati na Cishugi, ninyi njo munabaki na vyombo vya bar yetu ya Nguba, hapa Bukavu, na mumeniomba niandike kidogo namna kazi ilivyokuwa mbele sijawaachia ufunguo wa kabati. Nimekubali. Watu wamecheka mingi. Wanasema retrete, kule kustaafu, ni ya wazee wenye fimbo, haiwezi kuwa ya mutu wa miaka vente-wite, ishirini na nane, ambaye hata ndevu bado zinamutafuta. Lakini munganga alitazama ndani ya sikio langu la kushoto kwa taa yake ndogo, akaizima kama mutu aliyefungua mulango na kukuta nyumba imehamwa, kisha akaniambia nichague: muziki, ao sikio lililobaki. Basi niko mustaafu. Habari ya mushahara na vyeo sitaandika. Mushahara ulikuwa mudogo, na cheo kilikuwa kimoja tu, "Fundi", nacho nilipewa siku ya kwanza kabla ya kugusa kitu.

Siku hiyo ya kwanza nilifika kwa miguu, viatu vimejaa matope, kichwa kimejaa ndoto. Shule ya ufundi nilikuwa nimeiacha mwaka wa pili, lakini ndani ya mawazo yangu nilikuwa tayari nimeunda ampli inayosikika mpaka ng'ambo ya ziwa, watu wa kule wakiacha majembe na kuulizana: huyu ni nani? Maman Nsimire, mwenye bar, alikuwa anapanga chupa tupu ndani ya kase. Hakuinua kichwa.

"Unajua kutengeneza vyombo?"

"Ndiyo, maman."

"Ulishatengeneza nini?"

"Radio ya papa."

"Inaimba?"

"Ilikuwa inaimba mbele sijaitengeneza."

Alicheka mpaka akakaa juu ya kase. "Musaidizi mwenye alikuwa hapa mbele yako alinidanganya miaka mingi," akasema. "Weye angalau unaanza na ukweli. Enda kule nyuma, umwambie Papa Birindwa kama niko namupa mutu wa kumutesa."

Papa Birindwa alikuwa muzee wa vyombo. Alikuwa na abakosti moja, koti lisilovaliwa na tai, ya rangi ya majivu, na pale ambapo watu wa biro wanaweka kalamu, yeye aliweka turnavisi, bisibisi yake. Ndiye aliyenifundisha yote munayoniona ninafanya. Ampli za lampu haziamushwi kwa haraka: unaziwasha, unaziacha zipate moto polepole, unakunywa chai, ndipo unaongea nazo. Kila asubuhi fungua kifuniko cha nyuma, kwa maana sisiminzi wanapenda joto la mashini kuliko sisi tunavyopenda bia, na sisiminzi mumoja aliyekaa mahali pabaya anaweza kunyamazisha orkestra nzima. Mikro ipanguse kwa kitambaa kikavu kila wimbo ukiisha, kwa sababu waimbaji wanatema, na wanaoimba mapenzi wanatema zaidi. Mupiga gitaa mwenye miguu yenye maji usimuache aguse mikro. Atapigwa na umeme, na atasema ni wewe ulimuroga.

Alinionesha pia bafle ya inje, ile spika munayoiona imetundikwa juu ya muti wa avoka, uso wake barabarani. Kazi yake ni kuita watu. "Mbele ya muziki unaifungula," Papa Birindwa aliniambia. "Watu wakisha kuingia, unaifunga. Ukisahau, barabara yote inasikiliza bure, na Maman Nsimire atakukamata shingo." Niliandika kichwani. Kichwa changu, munakijua.

Neno lake la mwisho, siku alipostaafu yeye, alilisema akiwa anafunga vifungo vya ile abakosti. "Muimbaji anatajwa, mupiga gitaa anatajwa, hata mwenye kuchoma nyama anatajwa. Mutu wa vyombo, jina yake inasikika siku moja tu: siku mashini inakufa. Ukisikia batu bote banageuka kukuangalia, usicheke, tafuta fizibu." Nikamwambia nimeelewa: fizibu ni ule uzi mudogo unaokatika umeme ukizidi, ili mashini isiungue. Kisha akaniachia turnavisi na kwenda kwake Kabare kulima maharagi.

Sasa nifike kwa Radi Saba, kwa maana najua njo pale munapotaka nifike.

Tangu utoto sikuwa na orkestra nyingine. Walipiga rok, ile ya gitaa za kulia kama mabati yanayoburutwa juu ya mawe, kisha mwishoni mwa wimbo wanateremka kwenye rumba ili wazee nao wapate kazi ya kufanya. Nilikuwa nawasikiliza nikiwa nimesimama nyuma ya uzio wa lupango za watu wengine. Muimbaji wao, Mulonda, alikuwa na sauti ya kokoto, lakini sauti haikuwa ndiyo nguvu yake. Nguvu yake ilikuwa majina. Munajua desturi ya huku: katikati ya wimbo muimbaji anataja watu walio ndani ya sale ya bar, na mwenye kutajwa anasimama, anapandisha mikono, na kutuma chupa moja kwa jukwaa. Mulonda alijua watu wote wa Ibanda, sehemu yetu ya muji. Alijua jina lako, la mutoto wako wa kwanza, na kijiji cha bibi yako. Kuna mutu wa Nguba alitajwa pamoja na mbwa wake, akalia machozi.

Halafu siku moja Mulonda akaacha orkestra, akaenda Kamituga kufanya biashara ya dhahabu. Wengine nao wakatawanyika, huyu kwa muke, huyu kwa shule ya uchauffeur. Radi Saba walipoleta habari kwamba watakuja kupiga matine kwetu, siku ya yenga, Jumapili, mchana, wa zamani walikuwa wamebaki wawili, na wote pamoja walikuwa watano. Jina hawakubadilisha. Lilikuwa limeandikwa juu ya ngoma kubwa, na rangi ilikuwa ingali nzuri.

Siku hizo zote sikulala vizuri. Nilisafisha ampli kama mutu anayeosha mutoto kwa ubatizo. Nilijiona nimesimama karibu na Muzee Kabika, mukubwa wao wa gitaa, ananiuliza shauri la sauti, namupa, anatikisa kichwa kwa heshima. Walipofika kwa boti kutoka Goma, Muzee Kabika aliniuliza kweli. Aliniuliza choo kiko wapi.

Ndipo nikamuona muimbaji mupya. Aliitwa Wilondja, mutu wa Mwenga, mwembamba, shemeji wa mupiga bas. Nguo zake zilikuwa ndani ya mufuko mumoja wa kitambaa, na hakuufungua. Aliuweka nyuma ya ampli, akaukalia.

"Uliimba na orkestra gani mbele?" nikamuuliza.

"Hapana orkestra. Nilikuwa mwalimu wa koro ya kanisa, ku misioni."

"Na rok?"

Akafikiri. "Pasaka tunaimba kwa nguvu," akasema.

Muzee Kabika alikuwa anafunga nyuzi. Alisema bila kututazama, kama mutu anayesoma bei ya chumvi: "Goma walituvumilia mpaka wimbo wa tatu. Uvira, mpaka wa pili. Hapa njo kwetu. Bukavu ikikataa, kesho gitaa zinauzwa na kila mutu anarudi ku kijiji. Miye nimezeeka, sitaki tena kuulizwa Mulonda na batu benye balishalewa."

Nikamuangalia Wilondja juu ya mufuko wake. Nikaelewa kwa nini haufungui. Moyo wangu, ambao hauna fizibu, ukaungua palepale.

Watu walijaa mapema, wengi wametoka tu misa ya pili, mashati bado yana mistari ya pasi. Karibu na jukwaa alikaa Papa Furaha, chauffeur mwenye kuendesha kamyo ya mizigo njia ya Kamituga, mutu mukubwa na mwenye sauti ya honi. Alikuwa mupenzi wa Mulonda kuliko sisi wote. Bia ya kwanza haijafika nusu, akaanza:

"Mulonda iko wapi?"

Maman Nsimire akamujibu kutoka meza ya kontwari: "Weye njo unatoka Kamituga kila juma. Tukuulize weye."

Watu wakacheka. Papa Furaha hakucheka. Wimbo wa kwanza ukaanza.

Nitawaambia ukweli: sauti ya Wilondja ilikuwa nzuri kuliko ya Mulonda. Ilikuwa safi, ilipanda bila ngazi. Mimi nyuma ya ampli nilipata baridi ya mwili. Lakini alisimama mikono imefungwa mbele ya tumbo, macho juu, na hakutaja mutu hata mumoja. Wimbo ukaisha. Watu waliangalia chupa zao. Kwa Bukavu, kuingia nyumbani kwa watu na kuimba bila kutaja mutu ni kama kupita katikati ya wageni bila kusalimia. Mutu wa nyuma akauliza kama radio imefunguliwa. Papa Furaha akasimama na kugeukia sale:

"Tulilipia radi saba. Hapa miye naona kiberiti."

Wimbo wa pili ukaanza, na watu wawili wakaanza kutafuta kofia zao. Muzee Kabika akasogea karibu na Wilondja, gitaa inalia, akamwambia, "Taja batu." Wilondja akarudi nyuma mpaka kwangu, uso umejaa jasho.

"Fundi, banasema nitaje majina. Hawa batu miye sibajue."

Mimi niliwajua. Mutu wa vyombo anakaa gizani nyuma ya mashini, hakuna anayemuangalia, na kwa hiyo anamuona kila mutu: anakuja na nani, anakunywa nini, anaondoka na nani. Lakini muziki ulikuwa unanguruma, na ili Wilondja anisikie ilinipasa kuchuchumaa kati yake na bafle kubwa, kinywa changu karibu na mufuko wa suruali yake, sikio langu la kushoto limegusa kitambaa cha bafle. Nilijua ni vibaya. Papa Birindwa alikuwa amenionya kwamba bafle kubwa haikumbatiwi. Nikasema ni kwa wimbo mumoja.

Nikamupigia kelele jina la kwanza: "Bagalwa wa garaje."

Wilondja alipandisha kidevu. Akafunga macho. Na kwa vile namna ya kutaja majina kwa wimbo aliijua moja tu, njo ile akaitumia. Aliimba jina lote juu ya noti moja iliyonyooka, akaliteremsha mwishoni, kisha akangoja, kama vile mwalimu wa koro anavyongoja waumini wajibu wakati wa litania ya watakatifu.

"Bagalwa wa garaaaje..."

Orkestra ilikwama. Mupiga ngoma akainua vijiti na kuviacha hewani. Muzee Kabika akashikilia noti yake kwa sababu hakujua pa kuiweka. Ikawa kimya, na ndani ya kile kimya Maman Nsimire, aliyekuwa anafungua chupa na kuwaza mambo yake, akajibu kama mutu anayejibu "karibu" mulango ukigongwa:

"Utuombee."

Akafunika kinywa kwa mukono wenye ufunguo wa chupa. Sale nzima ikamugeukia. Bagalwa wa garaje, ambaye hakuna mutu aliyepata kufikiri kwamba anaweza kumuombea hata paka, akasimama polepole, akapandisha mikono, uso umejaa unyenyekevu. Hapo watu wakapasuka.

"Ya pili, ya pili," Muzee Kabika akaniambia kwa mudomo. Nikapiga kelele jina la pili.

"Nabintu wa samaki ya ndugaaala..."

"Utuombee," sale ikajibu, yote, sauti za kina maman juu, za wanaume chini, kama pale kanisani, ila hapa wenye kujibu walikuwa na bia mukononi. Mupiga ngoma akagundua kwamba neno lile lina mudundo wake, akaliwekea kijiti. Gitaa ya Muzee Kabika ikalia juu yake. Wale wawili wa kofia wakazirudisha mezani. Nikatoa jina la mushonaji, la infirmier wa sindano, la mutu wa mbwa. Kila jina likajibiwa, kila aliyejibiwa akatuma chupa, jukwaa likafanana na depo. Wilondja alikuwa ameachia mikono yake sasa. Moja ilikuwa inatembea hewani kama ya mwalimu anayeongoza koro, na sale ilikuwa inaifuata, inapanda ikipanda, inashuka ikishuka.

Mutu mumoja tu alibaki amekunja mikono. Nikasema moyoni, huyu naye tumumalize. Nikapaza sauti:

"Papa Furaha, chauffeur wa Kamituga."

"Papa Furaha, chauffeur wa Kamitugaaa..."

"Utuombee."

Akajaribu kubaki amekasirika, lakini mukono mumoja ulikuwa umekwisha kupanda wenyewe. Alikuwa anatafuta pa kupeleka wa pili, ndipo mulango wa lupango ulipofunguka na muke wake akaingia, mutoto mugongoni, kikapu cha sombe, majani ya muhogo, mukononi.

Ndipo nikakumbuka bafle ya inje. Sikuwa nimeifunga. Barabara yote ya Nguba ilikuwa imesikia litania kuanzia Bagalwa.

Maman Furaha alisimama katikati ya sale. Muziki ulishuka wenyewe.

"Papa Furaha," akasema, kwa upole mukubwa, "jana ulinipa kwaheri ya safari. Nilikufungia chakula ya siku mbili. Barabara ya Kamituga imekuwa mufupi vile?"

"Kamyo ilikataa," Papa Furaha akasema.

"Ilikataa wapi?"

"Hapa karibu."

"Ikakusindikiza mpaka ku bar."

Papa Furaha akatafuta musaada kwa macho. Akatazama wenzake wa meza, wakatazama pembeni. Akamutazama Bagalwa, Bagalwa alikuwa bado mutakatifu. Mwishoni akamutazama Wilondja, yule kiberiti, na nikaona ndani ya macho ya mutu yule mukubwa maombi ya kweli, ya kwanza ya siku ile.

Wilondja akainama kwangu. "Huyu maman anaitwa nani?"

"Muite kwa mutoto wake," nikasema. "Maman Furaha."

Akasimama wima. Akavuta pumuzi mpaka mbavu zikaonekana ndani ya shati. Na jina lile aliliimba kama vile, nadhani, alikuwa ameweka sauti yake akiba kwa ajili yake tangu Mwenga: lilipanda, likakaa juu pale, likazunguka, likashuka polepole juu ya yule maman na kikapu chake.

"Utuombee," watu wakajibu, wamesimama, na sauti ya Papa Furaha ilikuwa ya kwanza na kubwa kuliko zote.

Maman Furaha alifungua kitambaa, akamushusha mutoto mugongoni. Kisha akamupa mume wake mutoto, akamupa na kikapu. "Dansa," akamwambia. "Tutaongea nyumbani." Akapandisha mikono yake, na Muzee Kabika akateremsha orkestra kwenye rumba. Papa Furaha alidansa na mutoto mukono huu na sombe mukono huu, na habari ya Mulonda hakuiuliza tena, siku ile wala nyingine.

Hawakufikia mwisho wa majina mpaka jua lilipoanza kushuka upande wa vilima. Mimi sikutoka pale kwenye bafle. Kila nilipotaka kusogea, Wilondja aliniteremshia mukono kutafuta jina lingine. Vyombo viliponyamaza, nilisikia upande wa kushoto noti moja ndefu, nyembamba, kama gitaa iliyosahauliwa imewashwa. Nikaenda kuizima. Gitaa zote zilikuwa zimezimwa.

Wilondja alikuja nyuma ya ampli, shati limelowa kama limetoka ziwani. Akachuchumaa, akafungua ule mufuko wake wa kitambaa, akatoa shati kavu. Halafu akatoa na vitu vingine vyote, sahani, sabuni, blangeti, akavipanga juu ya kase kimoja kimoja, kama mutu anayehamia. Njo vile nilijua kwamba orkestra haitauzwa.

Kulikuwa na maneno baadaye. Vijana wa chama walikuja kuuliza kama hatujarudisha majina ya watakatifu, yale ya ubatizo ambayo serikali ilikuwa imeyakataza. Maman Nsimire akawaambia kwa salamu ya chama, "Sitwayen, munitajie mutakatifu mumoja mwenye anaitwa Bagalwa." Wakaondoka wameridhika. Padri naye alipita, akakunywa limonade, akasema angalau sasa anajua wanaume wa Nguba jibu wanalijua, kwa maana kanisani hajawahi kulisikia. Radi Saba walirudi kwetu kila walipopata nafasi, na kila mara nilichuchumaa palepale. Watu wengine waliniambia nitumie karatasi, nimuandikie majina. Lakini majina ya watu hayakai kwenye karatasi, yanaingia yakichelewa, na sikio langu, niliona, lilikuwa limekwisha kwenda, heri liende lote kwa kitu nilichokipenda.

Sasa naenda Kamituga. Nitafungua nyumba ya kutengeneza radio. Kibao nimekwisha kukichora kichwani, rangi ya buluu na ya njano, na ile ampli ya kusikika ng'ambo bado naifikiria, ingawa kule hakuna ziwa. Labda nitamukuta Mulonda. Nitamusalimia vizuri.

Mulikuwapo yenga iliyopita, kwa hiyo mwisho munaujua, lakini muliuona kutoka upande wenu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya ampli, ubavu wangu wa kushoto kwa jukwaa, nikipanga waya kwa mara ya mwisho, ninasikia muziki kwa sikio moja kama mutu anayetazama kwa dirisha la jikoni. Ghafula nikaona watu wote wamegeuka na kuniangalia. Wote, Bagalwa, Papa Furaha na muke wake, Maman Nsimire na ufunguo wake. Nikakumbuka neno la Papa Birindwa, nikatoa turnavisi, nikafungua kifuniko. Lampu zinawaka. Fizibu nzima. Hata sisiminzi hakuna. Nikagusa ampli ya pili, nayo ni nzima. Nikainua kichwa nimechanganyikiwa, nikamuona Wilondja amenigeukia, kidevu juu, macho yamefungwa, kinywa wazi, anashikilia kitu kirefu ambacho sikukisikia kwa sababu alikuwa kushoto kwangu.

Kisha nikaona midomo ya sale yote inasema neno moja, lile la litania.

Desturi ni desturi. Nilisimama, nikapandisha mikono yote miwili, mumoja ukiwa na turnavisi, na nikatuma chupa kwa jukwaa. Turnavisi yenyewe nimeiacha kwa kabati, rafu ya juu. Bafle ya inje, muifunge.